Miaka Thelathini na Mmoja Mlangoni: Maisha ya Mwalimu Ezekieli Aron Mtewele

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Yakobi, na ninyi nyote mliotoka Makambako na Kichiwa na baridi hii ya asubuhi, nawasalimu: kamwene. Wasifu huu umeandikwa na Nelly, mdogo wake marehemu, naye ndiye anayeusoma. Familia ilimpa kazi hii kwa sharti kwamba asitie chumvi. Amejitahidi. Palipo na chumvi, marehemu aliitia mwenyewe akiwa hai, na haitoki tena.

Mwalimu Ezekieli Aron Mtewele alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Juni 1961, katika kijiji cha Kichiwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Aron Mtewele na Mama Margareth. Ilikuwa alfajiri yenye ukungu mzito. Bibi aliyeitwa kumzalisha mama alipotea njia kwenye mashamba ya mahindi, na alipofika alimkuta mtoto ameshazaliwa, amefunikwa blanketi, amenyonya na amelala. Bibi akakaa kitako akauliza, "Sasa mimi nimeitwa kufanya nini?" Mama Margareth alipenda sana kuisimulia habari hii mbele ya wageni. Marehemu hakuipenda hata kidogo. Alisema mtu kuingia duniani bila hata mkunga kupata habari ni mwanzo mbaya, na wote tuliomfahamu tunajua alivyohangaika kuurekebisha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kichiwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari hapa Njombe hadi 1980, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1983. Alikuwa na akili nyepesi na mwandiko mzuri. Mwaka aliomaliza darasa la saba alipata pia kipaimara. Siku hiyo vijana ishirini na wawili walipangwa mstari kuingia kanisani, na Ezekieli alikuwa wa nne. Alipofika mlangoni aliinama kufunga kamba ya kiatu. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena, mpaka wenzake wote wakawa wameketi na kanisa zima likageuka kuona nani amebaki. Ndipo akainuka na kuanza kutembea katikati, peke yake, polepole, kichwa juu. Alifika nusu ya kanisa. Mzee Aron alinyoosha mkono kutoka benchi la wanaume, akamshika sikio, akamfikisha mbele kwa mwendo wa kawaida.

Alianza kazi ya ualimu mwaka 1984, na mwaka 1991 alihamia shule ya sekondari mjini Makambako, alikofundisha Kiswahili mpaka alipostaafu tarehe 14 Juni 2021. Wanafunzi wake mko hapa wengi, na Nelly anawaona mnavyokaa wima. Ni mmoja wenu, binti wa kidato cha pili, aliyempa marehemu kazi yake ya pili ya maisha. Ilikuwa mwaka 1992. Binti alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, jana umetufundisha kwamba kishindo ni sauti ya kitu kizito kinapoanguka. Leo redio imesema mgeni ameingia Njombe kwa kishindo. Alianguka?" Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa hesabu akaja kuchungulia. Ezekieli hakucheka. Jioni ile alinunua kauntabuku, akaandika neno KISHINDO kwenye jalada, na kwa miaka thelathini na miwili hakuacha kuandika ndani yake.

Nelly analo kauntabuku hilo nyumbani. Ukurasa wa kwanza ni gunia la viazi linaloshushwa kwenye lori na kuangukia simenti. Hicho alikiita kishindo cha asili. Kisha kuna nyayo za mtu unayemsikia nyuma ya nyumba usimwone, na hapo ameandika pembeni: "Hofu huanzia sikioni." Baada ya hapo ni vipande vya magazeti, kurasa hamsini nzima: mgombea ameshinda kwa kishindo, timu imetinga nusu fainali kwa kishindo, sabuni mpya imeingia sokoni kwa kishindo. Chini ya sabuni ameandika kwa kalamu nyekundu, "Hapana."

Darasani alikuwa na nadharia yake kuhusu neno hilo, na aliitetea kuliko alivyotetea shamba lake. Alifundisha kwamba watunzi wa tenzi za kale walijua kazi, kwa sababu walikusikilizisha kwato na ngoma kabla hawajakuonyesha shujaa, na msikilizaji alikaa akingoja huku moyo unamwenda mbio. Kwa hiyo, alisema, kishindo ni cha anayekuja. Akishafika ni mtu kama watu wengine, anatafuta pa kukaa. Waandishi wa riwaya aliwagombeza kwa jumla. Wale wavivu, alisema, kila mlango wao hufunguliwa kwa kishindo, hata wa choo. Na ole wako uchanganye kishindo na mbwembwe mbele yake. Mbwembwe, kwa mujibu wa kauntabuku ukurasa wa sabini na moja, ni vurugu anazofanya mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamngoja. Aliwahi kwenda Kichiwa kuwauliza wazee kama Kibena kina neno lake la mtu kuingia namna hiyo. Mzee mmoja alimjibu kwamba Mbena akimwona mtu anaingia kwa kelele humwuliza kwanza nani amekufa.

Mtu mwenye ugonjwa huo angeishia wapi isipokuwa kwenye harusi. Mwaka 1995 mwalimu mwenzake alimwomba awe mshereheshaji, au emsii kama watu wa Makambako wasemavyo, na tangu siku hiyo aliwaingiza ukumbini maharusi zaidi ya mia tatu, kuanzia Makambako mpaka Njombe mpaka Iwawa. Utaratibu wake mliuona. Watu wote wamekaa. Jikoni kimya, hata sufuria isigongwe. Taa mbele tu. Kisha matarumbeta ya Damiano, rafiki yake tangu ujana, yalianza kusikika kwa mbali huko nje, yakisogea, na mlango haufunguliwi. Haufunguliwi. Akina mama walianza kupiga vigelegele kwa kushindwa kuvumilia tu. Hapo ndipo alipoinua mkono.

Aliwahi kukosea mara moja, mwaka 2006. Siku hiyo pale Makambako matarumbeta yalifika, mkono ukainuka, mlango ukafunguliwa, na aliyeingia alikuwa mzee mmoja mwenye blanketi begani, aliyetoka Kichiwa kuja kwenye msiba wa nyumba ya jirani na akakosea mlango. Ukumbi mzima ulisimama. Alirushiwa maua. Wapambe wawili wakamshika mikono, wakampeleka meza kuu, na kwa adabu yake mzee akamsalimia kila aliyekuwa mezani, akakaa, akala. Maharusi walipoingia baadaye hakuna aliyewatazama. Mzee alipopewa kipaza sauti alisimama akatoa pole kwa familia, akawatia moyo kwamba haya mambo yapo na tutayazoea. Bwana harusi yule yuko hapa leo, na anasema katika hotuba zote za siku ile ni hiyo tu iliyomsaidia.

Sasa tunafika kwenye ndoa, na Nelly anaomba mvumilie, maana hapa ndipo kaka yake alipowatesa watu.

Mwaka 1993, sokoni Makambako, Ezekieli alimkuta Lidia Kyando, binti wa Kikinga kutoka Iwawa, Makete, amekaa juu ya gunia la viazi akila mahindi ya kuchoma. Alimwuliza habari za viazi vile kwa sentensi ndefu sana, yenye salamu, utangulizi na kiini. Lidia alitafuna mpaka ikaisha, akasema, "Mwalimu, unanunua au unahutubia?" Barua ya posa ilikwenda Iwawa, wazee walikubaliana, mahari ikapokelewa, na mwezi Agosti walianza kuishi pamoja. Lililobaki lilikuwa kanisa.

Waliopo wanajua utaratibu wetu. Wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa kanisani hutengwa na Meza ya Bwana mpaka watakapotubu, wakarudi kundini na ndoa yao ikabarikiwa. Si jambo la kutisha. Ni kumwona mchungaji, kuleta mashahidi wawili na kupiga magoti. Wengi wenu hapa mlilipitia asubuhi, na mchana mlikuwa shambani mkipalilia. Lakini Ezekieli alikataa kulifanya kimya kimya. "Mimi niliyezoea kuwaingiza watu kwa kishindo," alisema, "niingie kanisani siku yangu kama mtu aliyesahau mwavuli?" Akaahidi kwamba Lidia ataingia mlango mkubwa, matarumbeta nje, kanisa limejaa, na watu wa Makete watasimulia miaka kumi. Aliamini kila neno. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumchapa.

Mwaka 1996 gari lililopatikana lilikuwa na bonde mlangoni, akaahirisha. Mwaka 2003 Damiano alikuwa ameshawafundisha vijana wake wimbo wa kuingilia, lakini kanisa lilikuwa kwenye ujenzi na mlango mkubwa ulikuwa turubai, naye akasema haingii kwa turubai. Mwaka 2011 kila kitu kilikuwa tayari, mpaka mbuzi. Wiki ile ile Mzee Aron akafariki, na wale mbuzi wakaliwa matangani. Mwaka 2018 Peace, binti yao mkubwa, alifunga ndoa. Baba mtu alimwingiza kwa ustadi mpaka watu wakalia, kisha akasema si vizuri mzazi kushindana na mtoto, tungoje kidogo.

Muda wote huo Lidia alikuwa anakaa benchi la nyuma. Watoto walibatizwa mikononi mwa bibi yao. Jumapili ya Meza ya Bwana, watu walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki ameketi, akijishughulisha na kufunga vizuri mfuko wa sadaka ambao ulikuwa umefungwa tayari. Mwaka 2008 Peace alipata kipaimara. Alivua koti lake akampa mama yake, akaenda kushiriki mara ya kwanza, na aliporudi alimkuta mama bado amelikumbatia koti lile kifuani. Nelly alikuwa benchi hilo hilo. Aliumia, na bado inamuuma anapoisoma habari hii mbele yenu. Jioni ile Lidia alimwambia mumewe, mbele ya wifi yake, bila kupandisha sauti, "Baba Peace, mimi sijaomba kishindo. Naomba mkate." Ezekieli akasema mwaka ujao, Mungu akipenda, kabla ya mvua.

Na lilikuwepo jambo jingine. Mwaka 2022, baada ya Ezekieli kustaafu na wote wawili kuhamia hapa Yakobi, tulikwenda kwenye mazishi ya jirani mmoja. Yule bwana naye hakuwahi kurudi kundini. Mchungaji hakuja, kengele haikugongwa, na kwenye ratiba iliyochapwa yule mama aliyeishi naye miaka ishirini na mitano aliandikwa "mzazi mwenzake." Lidia alilisoma, akaikunja karatasi. Njiani akamwambia Nelly, "Wifi, wamemwandika kama watu waliokutana kwenye basi." Tangu siku hiyo kila Ezekieli alipokohoa alimtazama, na Nelly alijua anachokiogopa.

Mwezi Februari mwaka huu miguu ya marehemu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Mwezi Juni daktari alimpima akamweleza kwamba moyo umepanuka na umechoka. Ezekieli aliuliza, "Daktari, ugonjwa huu unaingia kwa kishindo?" Daktari alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Akajibu, "Hapana, Mwalimu. Huu unanyata." Waliokuwepo walisema alikasirika kuliko alivyoogopa. Alipewa vidonge vya aina nne, akakatazwa chumvi, ngazi na harusi.

Lidia hakungoja tena. Alimaliza kuvuna viazi, akavaa kitenge kizuri, akaenda peke yake kumwona Mchungaji Gideoni. Kesho yake mchungaji alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema Alhamisi tarehe 12 Septemba baada ya sala ya asubuhi itafaa. Ezekieli akauliza kutakuwa na watu wangapi. Mchungaji akasema sala ya asubuhi huwa na watu saba, wanane ikiwa hakuna baridi.

"Mchungaji," alisema Ezekieli, "nimejiandaa miaka thelathini na mmoja."

"Bwana wetu alipoingia mjini alipanda mwanapunda, Mwalimu."

"Ndiyo. Lakini watu walikuwepo barabarani."

Mchungaji alimwangalia Lidia, Lidia akaangalia dari. Mwishowe wakaafikiana kwamba Damiano na matarumbeta yake waruhusiwe kusimama nje, wapige ubeti mmoja tu. Damiano alipopigiwa simu Makambako alisema wimbo bado anaukumbuka, ila wapigaji wawili waliojifunza mwaka 2003 wameshakuwa babu.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Marehemu alitaka afuate kanuni yake, kwamba anayeingia haingii mpaka watu wote wamekaa na kutulia. Basi yeye na Lidia walibaki ndani ya gari la Elius, mtoto wao, mbele ya mlango mkubwa, wakingoja kanisa lijae. Ndani, mchungaji na wale watu wanane walikuwa wamekaa na kutulia, wakiwangoja wao. Damiano na wenzake walijificha nyuma ya jengo wakingoja ishara, na ishara ilikuwa Nelly kuinua kitambaa cheupe pale maharusi watakapofika ngazini. Nelly alisimama kwenye kona. Dakika arobaini zilipita. Pumzi ya Ezekieli ilisikika mpaka nje ya gari, na bado alikuwa anasema, "Subirini, naona mtu mmoja anakuja kule." Mtu yule alikuwa anakwenda zake dukani.

Nelly alimtazama kaka yake kupitia kioo, amevaa suti iliyokuwa imemkaa vizuri mwaka 2011, shingo imebaki kamba, na machozi yakamtoka. Akatoa kitambaa akajifuta. Matarumbeta yakalipuka.

Mbuzi wa jirani wakakata kamba. Ezekieli akapiga kelele kwamba bado, bado, nani amewaambia. Damiano hakusikia. Alikuwa amefumba macho na mashavu yamejaa, na baada ya miaka ishirini na mmoja ya kungoja hakuwa na nia ya kuishia ubeti mmoja. Elius alikimbia kumzuia. Nelly alikimbia kumzuia Elius asianguke. Katika vurugu hiyo hakuna aliyemwona Lidia akifungua mlango wa gari upande wake, akishuka, akiinyoosha sketi yake, na kuuacha mlango mkubwa kushoto. Alizunguka akapita ule mlango mdogo wa pembeni ambao mhudumu hupitia na ndoo za maji. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele. Akapiga magoti.

Nje, matarumbeta yalimaliza wimbo wote. Ezekieli aligeuka amwambie Lidia kwamba sasa labda, akakuta kiti kitupu. Nelly alikuwa ameshafika kwenye kioo, na anachokumbuka ni uso wa kaka yake. Miaka yote ile hakuwahi kumwona akiwa na woga, na sasa alikuwa nao, woga wa mtu aliyegundua kwamba anaweza kuachwa. Alichukua fimbo yake. Hakungoja kushikwa mkono. Alipita mlango ule ule wa ndoo, akihema, tai imekaa upande, na hakuna aliyegeuka kumtazama kwa sababu wote walikuwa wanamtazama mama aliyepiga magoti mbele. Alifika, akasimama pembeni yake.

"Nimechelewa?" aliuliza.

"Miaka thelathini na mmoja," Lidia alijibu bila kuinua kichwa. "Piga magoti, mchungaji ana safari."

Walitubu, wakapokelewa, wakaulizwa maswali, wakajibu. Nelly na Damiano walitia saini ya mashahidi, Damiano midomo ikiwa bado imevimba. Kisha mchungaji akaandaa Meza, na Lidia akapokea mkate. Alikaa nao mdomoni kwa muda mrefu. Tulilia sote, na wale watu wanane walilia, na mmoja wao hata hakuwa anatufahamu. Ezekieli alimtazama mke wake jinsi alivyolia, na aliposimama alisema kwa sauti iliyosikika kanisa zima, "Lidia, nimekunyima kitu kikubwa kwa ajili ya kitu kidogo. Nisamehe." Lidia akamwambia vizuri, akae chini apumzike kwanza. Jioni Ezekieli alifungua kauntabuku lake akaandika mstari mmoja: "Leo Lidia ameingia. Sikusikia nyayo." Ni mstari wa mwisho humo.

Siku zilizofuata alikuwa mpole na mwenye furaha. Jumapili mbili alikwenda kanisani akakaa benchi la mbele na mkewe, na mara zote mbili waliwahi kabla ya kengele, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Jumanne, tarehe 1 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani akiota jua. Lidia alikuwa karibu naye akimenya viazi na kuzungumza. Akasema sentensi moja ya Kiswahili kibovu kwa makusudi, kama alivyozoea kumchokoza miaka yote, akangoja asahihishwe. Hakusahihishwa. Akaisema tena vibaya zaidi. Ndipo akaweka kisu chini na kumshika mkono. Mwalimu alikuwa ameondoka, amefumba macho, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi mitatu na siku kumi na saba.

Limebaki jambo moja ambalo wasifu hauna budi kulisema, kwa sababu mnaoshika ratiba mikononi mmeuliza kwa nini imechelewa kufika. Jana asubuhi ratiba mia nne zililetwa kutoka duka la kuchapa mjini. Lidia alikuwa ameketi mkekani na akina mama. Aliomba miwani, akafungua ukurasa wa mwisho, na hapo palikuwa pameandikwa kwamba marehemu ameacha mzazi mwenzake. Mchapaji alikuwa ametumia ratiba ya msiba mwingine, akabadilisha majina, mstari huo akausahau. Baba mdogo Timoth, mkubwa wa ukoo wetu, alisema kwa upole kwamba tutalitangaza kwa mdomo makaburini na watu wataelewa.

Lidia alisimama.

"Mama Peace, mfiwa haondoki mkekani," alisema Baba mdogo.

"Ndiyo, Baba. Utanisubiri."

Alichukua cheti cha ndoa kutoka chini ya godoro, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akapanda bajaji ya jirani, na Nelly akaruka nyuma yake kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumzuia. Dukani aliweka cheti mezani. Dada mchapaji alisoma, akapata aibu, akajitolea kufuta na kuandika juu yake kwa kalamu katika nakala zote mia nne. Lidia akasema hapana, mwanangu, chapa. Alisimama pale kwa muda wa saa tatu, hakutaka kiti wala soda, akaichukua kila karatasi ilipotoka, ya kwanza mpaka ya mwisho, akausoma mstari ule, akaiweka juu ya nyingine. Zile nakala za kwanza zimetumika kuwashia moto mnaopikiwa sasa hivi.

Kwa hiyo fungueni ukurasa wa mwisho, na msisome haraka. Mwalimu Ezekieli Aron Mtewele ameacha mke wa ndoa, Lidia, watoto wanne, Peace, Elius, Justine na Ema, wajukuu wawili, ndugu zake Alois na Nelly, na wanafunzi ambao hakuwahi kuwahesabu. Ndoa yao kanisani ilidumu siku kumi na tisa.

Alale sasa, na amani ya Bwana iwe juu yake. Mkewe amemsamehe.